Theodor Fontane

Theodor Fontane (jina kamili: Heinrich Theodor Fontane, Neuruppin, Prussia, 30 Desemba 1819 – Berlin, 20 Septemba 1898) alikuwa mfamasia, mwandishi wa habari, mshairi na mwandishi wa riwaya kutoka nchi ya Ujerumani. Anahesabiwa kati ya waandishi wakubwa wa lugha ya Kijerumani wa karne ya 19. Kitabu chake kinachojulikana zaidi ni riwaya ya Effi Briest (1895).

Kwa miaka zaidi ya 13 Fontane alikuwa mtu wa famasia. Alianza kama mwanagenzi, akawa msaidizi, akafaulu mtihani wa serikali na kupata leseni ya mfamasia wa daraja la kwanza. Miaka miwili na nusu baada ya kupata leseni hiyo aliiacha kazi moja kwa moja, bila kuwa na kazi nyingine mkononi. Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba mshairi alikimbia chupa na mizani kwa sababu ya kipaji chake. Mambo yenyewe hayakuwa mepesi hivyo: kulikuwa na suala la fedha, la sheria za Prussia, na la baba aliyependa kucheza karata.

Utoto

Fontane alizaliwa katika nyumba ya duka la dawa. Baba yake, Louis Henri Fontane, alikuwa mfamasia, na mwaka huohuo wa 1819 alikuwa amenunua Löwen-Apotheke, yaani Duka la Dawa la Simba, katika mji mdogo wa Neuruppin, upande wa kaskazini-magharibi wa Berlin. Mama yake aliitwa Emilie Labry. Familia zote mbili zilikuwa za asili ya Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa ambao wengi wao walikimbilia Brandenburg baada ya mfalme Louis XIV kufuta uhuru wao wa dini mwaka 1685. Babu yake, Pierre Barthélemy Fontane, alikuwa mchoraji na mwalimu wa uchoraji, na baadaye katibu wa Malkia Luise wa Prussia.

Baba alikuwa mtu mcheshi, mpole na mwenye hadithi nyingi. Alimfundisha mwanawe historia kwa kuzungumza naye na kuigiza matukio, hasa habari za majemadari wa Napoleon, na Fontane alisema uzeeni kwamba masomo hayo ndiyo yaliyomfaa kuliko yote aliyopata shuleni. Lakini baba huyohuyo alicheza kamari. Deni likakua mpaka mwaka 1826 akalazimika kuliuza duka la Neuruppin. Mwaka uliofuata familia ilihamia Swinemünde, mji wa bandari kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki (siku hizi ni Świnoujście nchini Poland). Huko baba alinunua duka lingine, Adler-Apotheke, lakini tabia yake haikubadilika. Mama alikuwa mtu wa nidhamu na hesabu, naye aliona mali ikiyeyuka mwaka hadi mwaka. Hatimaye wazazi walitengana.

Fontane aliishi Swinemünde tangu umri wa miaka 7 hadi 12. Mwaka 1832 alirudishwa Neuruppin kusoma shule ya sekondari, na mwaka 1833 alipelekwa Berlin, kwenye shule ya ufundi iliyoongozwa na Karl Friedrich Klöden. Alikaa kwa baba yake mdogo, August, ambaye hakumfuatilia sana. Kijana alikwepa masomo kwa siku nyingi, akazunguka mashambani nje ya jiji au kukaa kwenye mikahawa akisoma magazeti. Aliondoka shuleni mwaka 1836 na cheti kilichomruhusu kutumikia jeshi kwa mwaka mmoja tu badala ya muda wa kawaida. Cheti hicho hakikumfungulia mlango wa chuo kikuu. Hakuna dalili kwamba mtu yeyote alimwuliza kwa kirefu anataka kuwa nani: baba alikuwa mfamasia, basi mwana naye akaenda kuwa mfamasia.

Mwanagenzi wa Wilhelm Rose

Tofauti na leo, mfamasia wa Prussia wakati ule hakuanza chuoni. Alianza kwa uanagenzi wa miaka kadhaa katika duka la bwana fulani, akila na kulala hukohuko. Baada ya mtihani wa kwanza aliitwa msaidizi, na kazi ya msaidizi ilidumu miaka mingine kadhaa. Ndipo aliweza kufanya mtihani wa serikali. Dawa hazikufika dukani zikiwa tayari kwenye pakiti. Zilitengenezwa pale pale: majani na mizizi yalikaushwa, yakatwangwa kwenye kinu, yakachemshwa na kuchujwa, vidonge viliviringishwa kwa mkono. Kitabu rasmi cha dawa cha Prussia kiliandikwa kwa Kilatini, na mwanagenzi alipaswa kukifahamu.

Mwezi Aprili 1836 Fontane alianza katika duka la Wilhelm Rose kwenye barabara ya Spandauer Straße mjini Berlin. Lilikuwa duka lenye sifa kubwa. Baada ya kifo cha Valentin Rose, babu yake Wilhelm, lilisimamiwa na Martin Heinrich Klaproth, ambaye baadaye, mwaka 1789, aligundua elementi ya urani. Ndugu wawili wa Wilhelm walikuwa wataalamu maarufu: Heinrich Rose katika kemia na Gustav Rose katika elimu ya madini. Kijana mwenye hamu ya sayansi angeweza kupita katika duka hilo hadi kwenye maabara ya chuo kikuu, maana wanakemia wengi wa zama zile walianza hivyo.

Fontane hakuwa na hamu hiyo. Kazi aliyoikumbuka zaidi ilikuwa ile ya sufuria. Duka la Rose lilitengeneza kwa wingi dondoo la mizizi ya gugu moja la shambani, la jamii ya nyasi, ambalo wakati huo lilitakiwa sana Uingereza. Kazi ya kulikoroga ilimwangukia yeye. Kwa wiki nyingi alisimama mbele ya sufuria kubwa akiwa na aproni nyeupe, mwiko mkononi, akikoroga polepole ili rojo lisiungue. Kazi hiyo ilidai mikono tu na kuiacha akili huru, naye akaitumia kutunga mashairi. Katika kumbukumbu zake alieleza jambo hilo kwa furaha, bila kulalamika.

Faida nyingine ya duka la Rose ilikuwa magazeti na majarida. Bwana wake alikuwa mwanachama wa kundi la wasomaji waliopashana machapisho mapya, na kabla hayajaendelea kwa wengine yalipita mikononi mwa wanagenzi. Hivyo Fontane alisoma waandishi wapya wa siasa na fasihi akiwa zamu dukani.

Mnamo Desemba 1839 gazeti la Berliner Figaro lilianza kuchapisha hadithi yake ya kwanza, na karibu na wakati huohuo alifaulu mtihani wa kuwa msaidizi. Katika kumbukumbu zake aliyaweka matukio hayo mawili katika siku moja: alitoka kwa mtahini akiwa msaidizi wa mfamasia, akaingia mkahawani, akafungua gazeti na kujikuta ni mwandishi. Tarehe zenyewe hazilingani sawasawa na simulizi hilo, lakini zinakaribiana vya kutosha kumsamehe mzee.

Msaidizi kutoka mji hadi mji

Maisha ya msaidizi yalikuwa ya kuhamahama. Mwaka 1840 Fontane alifanya kazi kwa miezi michache huko Burg karibu na Magdeburg, mahali palipomchosha haraka. Baada ya kuugua homa kali alikwenda Leipzig mwaka 1841, na mwaka 1842 Dresden, kwenye duka la Struve. Familia ya Struve ilijulikana kote Ulaya kwa kutengeneza maji ya madini ya bandia, na kwa msaidizi kupokelewa pale kulikuwa heshima. Kwa hiyo si kweli kwamba alikuwa mfamasia mbaya asiyetakiwa na mtu. Aliajiriwa na maduka mazuri.

Leipzig ulikuwa mji wa vitabu na wachapishaji. Huko aliingia katika kikundi cha vijana waliompenda mshairi wa mapinduzi Georg Herwegh. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi Max Müller, ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mashuhuri wa Kisanskrit huko Oxford. Fontane aliandika mashairi ya siasa, akajifunza Kiingereza na kutafsiri Hamlet ya Shakespeare. Alianza pia kufikiri kwamba angerudi kwenye masomo, apate cheti cha kuingia chuo kikuu na kusoma historia. Mpango huo ulihitaji miaka kadhaa bila mshahara. Ukaachwa.

Mwaka 1843 alikuwa tena kwa baba yake, ambaye wakati huo alikuwa na duka la dawa katika kijiji cha Letschin karibu na mto Oder. Kama duka hilo lingekuwa katika hali nzuri, pengine maisha yake yangeenda njia nyingine: angelirithi, angeoa, angekuwa mfamasia wa kijiji anayetunga mashairi siku za Jumapili. Lakini mali ya familia ilikuwa imekwisha kupungua. Duka la Letschin baadaye lilichukuliwa na mfamasia Hermann Sommerfeldt, mume wa dada yake Jenny.

Katika mwaka huohuo afisa wa jeshi aliyekuwa pia mshairi, Bernhard von Lepel, alimwingiza katika chama cha waandishi wa Berlin kilichoitwa Tunnel über der Spree. Wanachama walisomeana kazi zao na kuzikosoa. Walikuwemo maafisa, mahakimu na watumishi wa serikali, nao walimpokea msaidizi huyu wa duka la dawa kama mwenzao. Hapo alijenga jina kwa balada zake, yaani mashairi ya kusimulia visa, hasa kuhusu mashujaa wa Prussia na wa Uskoti.

Kuanzia Aprili 1844 alitumikia jeshi kwa mwaka mmoja mjini Berlin. Rafiki yake Hermann Scherz alimwalika kwa gharama yake kusafiri Uingereza kwa wiki mbili, na jeshi likampa ruhusa. Safari hiyo fupi ilimfungua macho. London ikawa kwake kipimo cha jiji kubwa.

Uchumba na leseni

Tarehe 8 Desemba 1845 Fontane alimchumbia Emilie Rouanet-Kummer, ambaye alimfahamu tangu utotoni. Wakati huo alikuwa msaidizi katika duka moja la Berlin lililoitwa Polnische Apotheke. Uchumba ulidumu karibu miaka mitano, kwa sababu msaidizi hakuwa na uwezo wa kutunza mke.

Mtihani wa serikali ulikuwa njia ya kutoka. Prussia ilikuwa na madaraja mawili ya wafamasia: wale wa daraja la pili waliruhusiwa kuendesha maduka katika miji midogo tu, na wale wa daraja la kwanza mahali popote. Tarehe 2 Machi 1847, akiwa na umri wa miaka 27, Fontane alipata leseni ya daraja la kwanza. Kisheria alikuwa sasa na haki ya kuwa na duka lake katikati ya Berlin.

Haki hiyo ilikuwa kwenye karatasi tu. Serikali ya Prussia ilizuia idadi ya maduka ya dawa, na haikuwezekana kufungua duka jipya bila kibali maalumu. Aliyetaka duka ilimbidi kwa kawaida kumnunulia mwenye nalo, na kwa kuwa maduka yalikuwa machache, bei zilipanda juu kabisa. Mwenye mtaji wa familia au mke tajiri alinunua. Asiye navyo alibaki msaidizi, hata kama leseni yake ilikuwa nzuri namna gani. Fontane hakuwa na mtaji, Emilie hakuwa na mali, na fedha ambayo baba angeweza kumpa ilikuwa imepotea mezani kwa wacheza karata. Alikuwa amefika mwisho wa masomo yake na kukuta mlango umefungwa kwa upande wa pili.

Kwa hiyo aliendelea kuwa msaidizi, safari hii katika duka la Jung karibu na kanisa la Georgenkirche. Hapo ndipo mapinduzi ya Machi 1848 yalipomkuta. Tarehe 18 Machi alitoka dukani akajaribu kugonga kengele za kanisa ili kuwaita watu, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Kisha alijiunga na watu waliovamia ghala la jumba la maonyesho na kuchukua bunduki zilizotumiwa katika michezo ya jukwaani. Alishindilia baruti nyingi mno katika bunduki yake mpaka mtu mmoja akamwonya, naye akatambua kwamba kama mpiganaji hafai. Aliyaandika hayo miaka hamsini baadaye kwa kujicheka.

Hospitali ya Bethanien

Mwaka 1848 alipata kazi bora kuliko zote alizowahi kupata katika famasia. Hospitali ya Bethanien mjini Berlin ilikuwa imefunguliwa mwaka 1847 kwa msaada wa mfalme Friedrich Wilhelm IV, na wauguzi wake walikuwa mashemasi wa kike wa Kanisa la Kiinjili. Uongozi ulitaka hospitali iwe na famasia yake itakayoendeshwa na mashemasi wenyewe. Alihitajika mfamasia wa kuwafundisha wawili kati yao hadi wafaulu mtihani. Mchungaji Ferdinand Schultz, rafiki wa familia ya Fontane, alimpendekeza.

Wanafunzi wake walikuwa Emmy Danckwerts na Aurelie von Platen. Katika Prussia ya wakati ule wanawake hawakuwa na njia ya kawaida ya kuingia katika kazi hiyo, kwa hiyo mafunzo haya yalikuwa jambo la pekee. Fontane aliwapenda wanafunzi wake na kuwaheshimu. Aliwapa sura nzima katika kumbukumbu zake. Alikuwa na makao ya bure katika eneo la hospitali, chakula na mshahara, na muda wa kutosha wa kuandika. Aliutumia muda huo kwa mashairi, lakini pia kwa makala za siasa. Kati ya Agosti na Novemba 1848 gazeti la Berliner Zeitungshalle lilichapisha makala zake zilizodai jamhuri, ilhali yeye mwenyewe analala na kula katika nyumba ya kidini iliyolindwa na mfalme.

Kazi hii nzuri ilikuwa na kasoro moja, nayo haikuweza kurekebishwa. Mwalimu alipofanya kazi yake vizuri, aliifuta kazi hiyo. Mashemasi hao wawili walifaulu mtihani, hospitali haikuhitaji tena mfamasia wa kuajiriwa, na mkataba wa Fontane ukaisha.

Uamuzi wa mwaka 1849

Tarehe 30 Septemba 1849 aliondoka Bethanien, akaamua asitafute tena nafasi ya msaidizi. Alikuwa karibu kutimiza miaka 30. Upande mmoja ulikuwa na kazi aliyoijua, yenye chakula na kitanda cha hakika, lakini isiyo na mwisho: kusimama nyuma ya meza ya mtu mwingine hadi uzee. Upande wa pili ulikuwa na kalamu, ambayo mpaka hapo haikuwa imemlisha hata kwa mwaka mmoja.

Mahitaji yake hayakuwa madogo. Emilie alikuwa akingoja mwaka wa nne. Zaidi ya hayo, barua aliyomwandikia Lepel mapema mwaka 1849 inaonyesha kwamba alidaiwa matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huko Dresden, na kwamba hilo lilikuwa limemtokea kwa mara ya pili. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo angetarajiwa kushika mshahara wowote. Yeye alifanya kinyume, na ni vigumu kuuita uamuzi huo wa busara. Jambo la kumtetea ni kwamba njia ya famasia nayo isingempa alichohitaji. Kwa mshahara wa msaidizi asingeweza kuoa hata baada ya miaka mingine mitano.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Aliandika barua za habari kutoka Berlin kwa gazeti la Dresdner Zeitung lililopinga serikali, na alitoa vitabu vyake vya kwanza vya mashairi. Mwaka 1850 alipata nafasi katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia magazeti, na kwa matumaini hayo alifunga ndoa na Emilie tarehe 16 Oktoba 1850. Miezi miwili na nusu baadaye ofisi hiyo ilivunjwa, naye akawa mume asiye na kazi. Mwaka 1851 aliingia katika idara mpya ya magazeti ya serikali ya kihafidhina, yaani alianza kuwaandikia watu aliokuwa amewapinga mwaka 1848. Aliona aibu na kumwungama Lepel kwamba amejiuza. Wale wanaosifu uhuru aliouchagua mwaka 1849 wasisahau bei aliyoilipa miaka miwili baadaye.

Emilie alijifungua watoto saba, na watatu kati yao walikufa wakiwa wachanga, wote katika miaka ya kwanza ya ndoa, wakati fedha ilipokuwa haba zaidi.

Mwandishi wa habari

Serikali ilimtuma London mwaka 1852, na tena kuanzia 1855 hadi 1859. Mwaka 1858 alizunguka Uskoti pamoja na Lepel. Huko, mbele ya ngome ya Loch Leven, alipata wazo la kuandika kuhusu ngome, makanisa na vijiji vya nyumbani kwake Brandenburg. Matokeo yalikuwa Wanderungen durch die Mark Brandenburg, mfululizo wa vitabu vya safari uliotoka kuanzia mwaka 1862.

Tangu 1860 alikuwa mhariri wa gazeti la kihafidhina la Kreuzzeitung. Aliacha kazi hiyo mwaka 1870, mkewe akiwa Uingereza, na kumjulisha kwa barua tu. Mwaka huohuo akawa mhakiki wa tamthilia wa gazeti la Vossische Zeitung, kazi aliyoishika kwa karibu miaka 20. Aliandika pia vitabu vikubwa kuhusu vita vya Prussia vya 1864, 1866 na 1870–1871. Alipokuwa Ufaransa kwa ajili ya kitabu cha mwisho alikamatwa Domrémy tarehe 5 Oktoba 1870 kwa kushukiwa kuwa mpelelezi, akafungwa katika kisiwa cha Oléron kabla ya kuachiliwa mwishoni mwa mwaka.

Mwaka 1876 aliteuliwa kuwa katibu wa Chuo cha Sanaa cha Prussia mjini Berlin. Ilikuwa nafasi ya kudumu, yenye heshima na pensheni, ile ambayo Emilie alikuwa ameiombea kwa miaka 26. Baada ya miezi michache tu Fontane aliomba kujiuzulu. Ugomvi uliofuata nyumbani ulikuwa mkubwa kuliko wote katika ndoa yao. Katika barua zake alijitetea kwamba hawezi kuishi kama karani wa ofisi. Emilie aliona kwamba mumewe amefanya tena alichofanya Bethanien, tofauti ikiwa kwamba sasa alikuwa na umri wa miaka 56 na watoto wanne.

Mwandishi wa riwaya

Riwaya yake ya kwanza, Vor dem Sturm, ilitoka mwaka 1878. Mwandishi alikuwa na miaka 58. Katika miaka 20 iliyobaki aliandika riwaya na hadithi zaidi ya kumi na tano, miongoni mwao Schach von Wuthenow, Irrungen, Wirrungen, Frau Jenny Treibel, Effi Briest na Der Stechlin. Nyingi zinahusu watu wa Berlin na Brandenburg wanaobanwa kati ya matakwa yao na kanuni za tabaka lao. Hutumia mazungumzo kuliko matukio.

Effi Briest ni habari ya msichana wa miaka 17 anayeozwa kwa afisa wa serikali mwenye umri mkubwa kuliko wake na kupelekwa Kessin, mji wa pwani. Kessin umechorwa kwa mfano wa Swinemünde. Mjini humo karibu kila mtu anamchosha Effi au kumtisha, isipokuwa Alonzo Gieshübler, bwana mdogo wa umbo lililopinda kidogo, mwenye adabu na moyo mwema, anayempelekea magazeti na maua na kuandaa jioni za muziki nyumbani kwake. Gieshübler ni mfamasia. Ana duka lake mwenyewe, anasoma sana, na anaheshimiwa na mji mzima. Fontane alimpa mtu huyu wa kubuni kila kitu ambacho kazi hiyo haikuweza kumpa yeye.

Mwaka 1892 aliugua vibaya, akakata tamaa na kazi, hata akadhani hataandika tena. Daktari wake alimshauri aache riwaya kwa muda na kuandika habari za utoto wake. Alifuata shauri hilo, akapona akiandika. Kitabu Meine Kinderjahre kilifuatwa mwaka 1898 na Von Zwanzig bis Dreißig, ambacho kinasimulia miaka yake ya famasia, kuanzia duka la Rose hadi Bethanien. Hakuna chuki ndani yake. Mabwana, wasaidizi wenzake, sufuria na mashemasi wote wamo, na mengi tunayoyajua leo kuhusu maisha ya msaidizi wa duka la dawa katika Ujerumani ya zamani yametoka humo.

Mwaka 1894 Chuo Kikuu cha Berlin kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, yeye ambaye hakuwahi kupata cheti cha kuingia chuo kikuu.

Kifo na kumbukumbu

Fontane alifariki nyumbani kwake Berlin tarehe 20 Septemba 1898, akazikwa katika makaburi ya Wareformati Wafaransa kwenye barabara ya Liesenstraße. Emilie alizikwa hapo mwaka 1902. Mji wa Neuruppin una sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 1907, na nyumba ya Löwen-Apotheke alimozaliwa ingalipo.

Hospitali ya Bethanien ilifungwa mwaka 1970. Jengo lake katika mtaa wa Kreuzberg siku hizi hutumiwa kwa shughuli za sanaa na utamaduni, lakini chumba cha famasia ambamo Fontane aliwafundisha mashemasi wawili kimehifadhiwa pamoja na kabati zake za mbao.